Maoni ya video yaje na dakika yake

Wahariri wenzangu, msimtumie mteja kazi ya kukagua kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Inabanwa, picha inapoteza ubora, halafu analalamikia ukungu ambao kwako haupo. Mimi napakia Frame.io, tovuti ya kukagulia video, namtumia linki, na kila anachoandika kinakaa palepale kwenye fremu husika. Jana mwenzangu wa Mwanza kaandika kwenye 02:14: "Hapa bibi harusi umemkata hajamaliza kucheka." Nikaongeza sekunde moja tu, kicheko kikasikika chote. Maoni ya hivyo nayapenda mno! "Iboreshe kidogo" hainisaidii kitu.

Na kama mwenzako naye anahariri, mpe projekti, yaani faili lenye mpangilio wa uhariri wako, pamoja na klipu zake. Faili la projekti peke yake halibebi picha wala sauti.