Goti la Mbwa Mzima: Nilivyojifunza Kulipima kwa Eksrei

"Mbwa huyu hachechemei, daktari. Sasa picha ya nini?"

Mzee mmoja wa Lanet aliniuliza hivyo alipomleta mbwa wake wa kike, wa aina ya shefadi, afungwe kizazi katika kliniki ninakofanya kazi hapa Nakuru. Nikamweleza: kila nikiletewa mbwa anayechechemea mguu wa nyuma, hupima goti lake kisha nikalilinganisha na vipimo vya vitabuni, vya mbwa wa mbali. Nilitaka kuwajua wazima wa kwetu, shefadi na wa kienyeji. Na kwa kuwa mbwa wake angelazwa kwa dawa ya upasuaji, picha isingemdai sindano nyingine. Mzee akakubali.

Nilichotaka hasa ni mteremko wa juu ya muundi, mfupa mkubwa ulio chini ya goti. Pale mfupa wa paja unapokalia, muundi wa mbwa hauko bapa, umeinama kuelekea nyuma. Akikanyaga, muundi husukumwa mbele, na kano ya msalaba ya mbele, iliyo ndani ya goti, ndiyo huuzuia. Ndiyo hiyo hiyo inayokatika sana kwa mbwa wakubwa.

Kupima kwenyewe ni mistari mitatu. Wa kwanza hutoka katikati ya vinundu viwili vya juu ya muundi hadi katikati ya mfupa wa talasi, kwenye kifundo. Wa pili hufuata mteremko, ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Wa tatu huukata ule wa kwanza kwa nyuzi 90, na pembe iliyo kati yake na mteremko ndiyo jibu. Mbwa wengi wazima huwa na nyuzi 20 na kitu.

Lakini mbwa mmoja, picha mbili zilizopishana dakika chache, zilinipa tofauti ya nyuzi 4! Nililaumu jicho langu, nikachora upya mara tatu. Jioni nikaziweka picha zote mbili bega kwa bega, ndipo nikaona. Katika moja, vile vichwa viwili vya mviringo vya mwisho wa chini wa mfupa wa paja vilikuwa vimelaliana kama kimoja. Katika nyingine vimeachana. Mguu ulikuwa umejipinda kidogo mezani.

Tangu hapo kazi kubwa ni kulaza. Mguu unaopimwa uko chini, ule mwingine umevutwa pembeni, goti na kifundo vimekunjwa nyuzi 90, sponji chini ya kifundo. Mwale unalenga goti, lakini kifundo lazima kionekane. Tunashikiza kwa tepu na mifuko ya mchanga, tunatoka chumbani. Sikubali mkono wa mtu ushike mguu wakati mashine inapiga. Vichwa vikiachana zaidi ya milimita 2, tunarudia, ila mara moja tu.

Ukingo wa nyuma wa mteremko bado hunisumbua, kwa hiyo huficha majibu ya kwanza, nikapima tena picha ile ile baada ya wiki.

Pembe hii haithibitishi kwamba kano imekatika; hilo nalitafuta kwa mikono, mbwa akiwa amelegea. Hata hivyo nikiona goti gonjwa sasa, nina wazima wa hapa wa kulilinganisha nao.

Mzee alipopiga simu nilimwambia goti la kulia lina nyuzi 24.

"Na la kushoto, daktari?"

Sikuwa nimelipiga. Tangu siku hiyo napiga yote mawili.