Kanga ya mama Salma na mdomo wangu wa bata

Aliyenishauri nipake poda ya mtoto, Mungu anamwona. Nitafika huko.

Bendi yetu ya dansi hapa Dar, kama bendi nyingi, hupumzika mwezi mzima wa Ramadhani na kurudi jukwaani Idi Mosi. Miaka ile mfungo ulikuwa umeangukia masika, kwa hiyo alto yangu, yaani saksofoni, huyo mdomo wa bata mwenyewe, ililala siku thelathini chini ya kitanda wakati ambapo hata chumvi ya jikoni inalowa yenyewe. Na mimi, miaka kumi na tisa ya kupuliza, nilikuwa najiona najua kutunza chombo. Najua nini! Mwaka 2021 nilimaliza shoo ya mwisho kabla ya mfungo, nikagida soda ya tatu, nikapuliza wimbo wa kufungia, nikatupa chombo kwenye kasha kikiwa bado kinatoa jasho. Kasha likafungwa mpaka mkesha wa Idi.

Kulifungua tu, harufu ya stoo. Mkanda wa shingoni umeota ukungu, springi zina vidoa vya kutu, na kitufe cha sauti ya G shapu nikibonyeza, kimya. Kifuniko kimeng'ang'ania tundu lake kama kupe. Sasa wapiga gitaa wetu wanapenda kupiga kwa C, na C ya gitaa kwa alto ni A, yenye G shapu kila kona. Bila sauti hiyo bora nibaki nyumbani nile pilau.

Ndipo mwenzangu wa tarumbeta akasema, "Kaka, hiyo pedi imelowa tu. Pakaa poda." (Pedi ndilo jina lake, msicheke. Ni kile kiduara cha ngozi kilichofunika feliti, ndicho kinachoziba tundu. Alto ina kama ishirini na tano hivi.) Nikapakaa. Sikupakaa moja, nilipakaa zote, kwa ukarimu, kama namwandaa mtoto kwenda kliniki. Zikaachia! Nikamkumbatia jamaa.

Jukwaani, pumzi ya kwanza, bata akatoa wingu jeupe mdomoni. Watu wa mbele wakapiga makofi wakidhani ni madoido ya Idi. Mpiga besi akapiga chafya ndani ya maiki. Wimbo wa pili poda ilikuwa imekutana na mate, ikawa uji, na kufika wa nne ulikuwa uji wa kulaza. G shapu ikaganda, C shapu ya chini ikaifuata. Solo yangu nikaipiga kwa sauti zilizobaki, na mpiga solo wa gitaa akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Fundi akabadilisha pedi tatu, akasafisha nyingine, akala kama elfu sitini na ushei, na soda juu yake. Lakini alinifungua macho. Vifuniko vingi vya saksofoni hukaa wazi mpaka ubonyeze, hivyo hupata hewa. Vichache vinakaa vimefungwa muda wote: G shapu, C shapu ya chini, E flati ya chini na vile vya pembeni vya sauti za juu. Hivyo ndivyo vinavyoganda. G shapu ndiyo mbaya zaidi, maana kidole hakiinui kile kifuniko. Kinachokiinua ni kispringi dhaifu, na sukari kidogo tu inakishinda. Ile soda! Siku hizi kabla ya kupuliza nasukutua kwa maji, na jukwaani nanywa maji. Wananiita sheikh.

Ramadhani ya 2022 nikajipanga. Kitambaa chenye uzito kwenye kamba nikakivuta ndani mara nne, tano, shingo nayo. Chombo kikalala nje ya kasha usiku kucha. Pedi zilizokaa kufungwa nikazikausha kwa karatasi ya kusokotea sigara, ukiikata ule ukingo wa gundi: ingiza, bana taratibu, achia, ndipo utoe. Usiivute ikiwa imebanwa, utachuna ngozi. Mafuta ya cherehani, tone la ncha ya sindano kwenye maungio, na springi nikazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Pedi hazipakwi mafuta. Kuna aliyeniambia mafuta ya nazi. Huyo anafuga sisimizi. Kile kizibo cha juu kinacholinda kipini cha oktavi, cha kupandishia sauti, nilishakipoteza, nikachonga kingine kwa ndala.

Mchele kwenye soksi, unyonye unyevu ndani ya kasha, nilijaribu pia. Ulileta fukusi. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ndivyo vilivyofaa, niliviomba Kariakoo kwa muuza viatu hadi akaniona mwehu, na kila Ijumaa nilivipasha juu ya sufuria kavu, moto mdogo.

Sasa kazi yenyewe. Nilitaka vile vifuniko vitatu, G shapu, C shapu ya chini na E flati ya chini, vikae wazi kidogo mwezi mzima. Karatasi nyembamba, sponji linabonyea. Macho yakatua kwenye kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, haichuji rangi tena. Nikakata vipande vitatu, nikavikunja mara nne, nikavichomeka chini ya vifuniko, vikachungulia kama ndimi. Pamba inakibeba kifuniko na kunywa unyevu kwa wakati mmoja. Kwa raha zangu nikaitoa alto kila wiki ipate hewa.

Mkesha wa Idi nikavuta ndimi, nikabonyeza G shapu. Tap! Nikarudia mara ishirini hivi, bila sababu.

Mama Salma akaja kuona kinachogonga. Akaokota kipande kimoja, akakikunjua. Kulikuwa na nusu ya jina la kanga, limebaki "…SUBIRA".

"Baba Salma, hii si ya doti niliyopewa na mama?"

Doti mpya ilipanda bei sikukuu ile. Fundi alikuwa rahisi.