Nyumba Zisigeuke Makaburi

Machi 2010 nilikuwa na mwaka wa pili nikiwasalisha watoto wa Kiyahudi sala ya asubuhi kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mama yangu ni Mkenya wa Busia, ndiko kilikotoka Kiswahili changu. Baba ni wa hapa hapa, ni wa Abayudaya, watu ambao wazee wao walimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu alipoingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Shuleni walikuwepo watoto Waislamu na Wakristo pia. Hao walicheza uwanjani wakati wetu wakisali kabla ya kengele.

Wetu walikuwa wanaisoma Amida, sala yetu kuu ya kusimama, mbio mbio. Baraka 19, Kiebrania chote wamekikariri, miguu imebanana kama inavyotakiwa, na baada ya dakika chache wamemaliza. Niliona fahari. Nilidhani mbio zile ndizo dalili kwamba wameiva.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 1 Machi, siku moja baada ya sikukuu yetu ya Purimu, mlima ulimeguka kule wilaya ya Bududa. Mvua kubwa ilikuwa imeushibisha udongo wa Elgon hadi ukashindwa kujishika, ukashuka juu ya kijiji cha Nametsi, ukafukia nyumba, maduka na kituo cha afya. Waliopotea walikuwa mamia, na wengi miili yao haikuonekana tena. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa na shangazi yake huko, na watoto wa shangazi.

Alirudi shuleni wiki iliyofuata. Tulipofika baraka ya pili, ile inayomsifu Mungu kwamba huvumisha upepo na kuteremsha mvua, alifunga kitabu chake. Tulipofika ya tisa, tunapoomba umande na mvua, akakaa chini. Wenzake wote wakanigeukia.

Nilimwita baadaye. Tulizungumza Luganda.

"Mwanangu, mbona umekaa?"

"Mwalimu, mimi siwezi kuomba mvua."

Jibu nililompa linaniuma mpaka leo. Nilimwambia sala hii ni ya Israeli yote, si yake peke yake. Inafuata majira ya Nchi ya Israeli. Kitabu kikisema mvua, nasi tunasema mvua. Hakubisha. "Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake. Kesho yake alisimama na wenzake, miguu imebanana vizuri kabisa, na midomo yake haikucheza hata mara moja.

Jioni ile nilimwendea mzee mmoja wa sinagogi, jjajja, yaani babu, wetu sote. Alikuwa kijana wakati wa Idi Amin, dini yetu ilipopigwa marufuku na watu wakawa wanasali kwa kujificha. Watanzania wanaikumbuka 11 Aprili 1979, jeshi lao lilipoingia Kampala pamoja na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Kwetu jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuingia Pesaki, Pasaka ya Kiyahudi, na mzee huyu hajawahi kulisimulia hilo macho yakiwa makavu. Nilimweleza habari za yule binti.

"Kwa hiyo umemnyamazisha," akasema.

"Sikumnyamazisha, jjajja. Nilimtaka asome."

"Asome asichoweza kukisema. Ni hilo hilo."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha sala za Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, akafungua mahali panapoeleza Kuhani Mkuu wa zamani alivyotoka Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha Hekalu, na kusali sala fupi. Aliomba mwaka uwe wa mvua. Kisha, kwenye pumzi hiyo hiyo, akawaombea watu wa Sharoni, bonde la pwani ambalo ardhi yake ilikuwa dhaifu na nyumba zake hazikudumu: nyumba zao zisigeuke kuwa makaburi yao.

Nilikuwa nimeusoma mstari ule kila mwaka tangu utotoni. Siku ile ndipo niliposikia unasema nini.

Asubuhi sikuanza na Amida. Tulikaa chini, nikawasomea watoto habari za watu wa Sharoni. Darasa lilitulia tuli. Kisha nikawaonyesha neno moja kwenye baraka ya tisa ambalo ndimi zao zilikuwa zinaliruka kila siku: *livraha*, kwa baraka. Hatuombi mvua yoyote tu. Tunaomba mvua ya baraka, na aliyeitunga sala aliliweka neno lile kwa kuwa alijua mvua nyingine ikoje. Halafu tukaenda hadi baraka ya 16, inayomwita Mungu asikiaye sala. Hapo, nikawaambia, mtu anaruhusiwa kuongeza lake, kwa lugha yoyote, kwa kunong'ona kama Hana mama yake Samweli, na mimi sitamuuliza mtu alichosema.

Tulisimama. Amida ile ilikuwa ndefu mno. Mvulana ambaye kwa kawaida humaliza wa kwanza alibaki ameinamia kitabu wenzake wakiwa wameshamaliza.

Yule binti alitamka *livraha* kwa sauti iliyonifikia nilipokuwa nimesimama. Baada ya sala alinijia akaomba nimwandikie mstari wa Sharoni. Nikachana ukurasa wa daftari, nikauandika kwa Kiebrania, na chini yake kwa Luganda. Akabadilisha neno moja la Luganda kwa penseli: pa Sharoni akaandika Nametsi. Akakikunja kikaratasi mara mbili na kukiingiza kwenye baraka ya 16.

Pesaki ilikuja mwishoni mwa mwezi, na kitabu kikatuachisha kuomba mvua, kama kinavyofanya kila mwaka. Lakini Mbale mwezi wa Aprili ndipo mvua inapokolea. Siku ya kwanza baada ya sikukuu alinifuata mlangoni, kikaratasi mkononi, kimeanza kuchakaa kwenye mikunjo.

"Mwalimu, na hiki tunaacha?"

"Hapana, mwanangu. Hicho endelea nacho."

Akakirudisha kwenye ukurasa wake. Nje wingu lilikuwa limeshaufunika mlima.