Usiku wa Wingu la Rubidi

Nilipokwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili, habari za kupoza atomu kwa leza, yaani kuzipunguzia mwendo kwa mwanga, nilikuwa nazijua kwa chaki na ubao tu. Nilijua kwamba Steven Chu, William Phillips na Claude Cohen-Tannoudji walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997 kwa kazi hiyo. Huyo wa tatu nilimpenda zaidi, maana alizaliwa Afrika, mjini Constantine, Algeria.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Mimi na mwenzangu wa maabara tulishinda tukirekebisha vioo, skrubu moja baada ya nyingine, ili miali sita ya leza ikutane katikati ya chupa ndogo. Hewa ya ndani ilikuwa imenyonywa, umebaki mvuke hafifu wa rubidi, aina ya metali laini. Nje ya chupa kulikuwa na koili mbili za waya wa shaba. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 jicho huiona kwa shida, kwa hiyo tulitegemea kamera.

Utamu wote uko kwenye masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde. Leza huwekwa chini kidogo ya masafa ambayo atomu iliyotulia huyapokea. Atomu inayoukabili mwali huona masafa yamepanda, hivyo hupokea fotoni (chembe za mwanga) nyingi za mbele na kurudishwa nyuma, kama mwendesha bodaboda kwenye mvua anavyolowa kifua kabla ya mgongo. Fotoni moja hupunguza mwendo kwa kama milimita 6 tu kwa sekunde, ilhali katika joto la chumba atomu za rubidi hukimbia takriban mita 300 kwa sekunde. Lakini fotoni huja kwa mamilioni ndani ya sekunde moja!

Mwenzangu akawasha umeme wa koili. Kitone cheupe kikajitokeza katikati ya skrini, nami nikapiga kelele. Mamilioni ya atomu yalikuwa yamening'inia pale bila kugusa chochote, yakiwa juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya digrii.

"Kinga mwali mmoja uone," akaniambia. Nikapitisha karatasi nyeusi; kitone kikatoweka. Nikaiondoa, kikajijaza upya. Tukageuza mkondo wa umeme kwenye koili zote mbili: skrini tupu. Leza peke yake hupunguza mwendo tu, na uga wa sumaku wa koili ndio unaozielekeza atomu katikati. Hilo hakuna ubao ulionifundisha vizuri kama ile skrini tupu.

Kisha tukapima joto. Unazima kila kitu, unaliacha wingu lianguke na kutanuka kwa milisekunde chache, halafu unalipiga picha kwa mmweko wa leza. Mraba wa upana wake ukiuchora dhidi ya mraba wa muda, unapata mstari mnyoofu, na mwinamo wa mstari huo ndio unaokupa joto. Kompyuta ilikuwapo, lakini nukta zile nilizichora mwenyewe kwa penseli.