Nukleotidi 39 za kimelea cha malale

Miaka yangu yote ya utafiti nimeshughulika na jambo moja: namna kimelea cha malale, tripanosoma, kinavyokata na kuunga RNA yake, yaani nakala za jeni zake. Dada yangu anasema ningesomea udaktari wa watoto, leo ningekuwa na kliniki yangu Kadutu, hapa Bukavu. Huenda ni kweli. Wanafunzi nao huniuliza, "Prof, mbona tusisome saratani kama wenzetu wa Ulaya?" Nimeona niandike jibu lote hapa.

Jeni inaponakiliwa, RNA yake hutoka ndefu, na ndani yake mna vipande visivyohitajika, introni. Seli huvitoa, huunga vinavyobaki, ndipo protini itengenezwe. Hilo lilijulikana 1977 tu, kwa kutumia virusi vya mafua ya kawaida viitwavyo adenovirusi: RNA iliposhikana na DNA yake, vipande vya DNA vilivyokosa mwenzake vilitokeza pembeni kama vitanzi. Phillip Sharp na Richard Roberts walipata Nobel ya 1993. Lakini huko Marekani, kwenye maabara ya Cold Spring Harbor alikokuwa Roberts, aliyekaa kwenye hadubini ya elektroni ni Louise Chow, na kwa Sharp, chuo cha MIT, walikuwepo Susan Berget na Claire Moore. Darasani kwangu majina hayo matatu hayarukwi.

Tripanosoma ana njia yake. Introni karibu hana. Zinajulikana katika jeni mbili tu. Jeni zake zimepangana na kunakiliwa kwa mkupuo mmoja, kama mabehewa ya treni ya Kindu. Kisha kila jeni hukatwa peke yake na kuvalishwa kichwa kilekile cha nukleotidi 39, yaani herufi 39 za RNA, kinachotoka kwenye RNA nyingine kabisa, ndogo, iliyotengenezwa mahali pengine. RNA isiyo na kichwa hicho haisomwi. Seli zetu sisi binadamu hazina kitu hicho, na hapo ndipo nilipoweka moyo wangu.

Mama ni mtu wa Kasongo, Maniema, na kwao malale yalikuwa ugonjwa wa nyumbani. Kaka yake mkubwa alitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya arseniki iliyoanza kutumika 1949. Ilichomwa kwenye mshipa kwa sindano ya kioo, kwa sababu majimaji yake huyeyusha plastiki. Katika kila wagonjwa 100, kama watano waliuawa na dawa yenyewe. Mjomba alipona. Mshipa wa mkono wake wa kulia uliungua, ukabaki mweusi, umekauka, na tulipokuwa watoto alituruhusu tuupapase kuanzia kiwiko hadi kifundo. Hakupenda kuzungumzia zile sindano.

Kwa hiyo niliposoma, mwaka 2018, kwamba dawa mpya acoziborole inakamata CPSF3, protini inayokata mkia wa RNA ya kimelea, nilisoma makala ile mara mbili usiku uleule. Kwa tripanosoma, kukata mkia wa jeni moja na kuvalisha kichwa jeni inayofuata ni kazi zinazokwenda pamoja; ukizuia moja, nyingine inavurugika. Majaribio yalifanyika hapa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208. Vidonge vitatu, vinamezwa mara moja, basi. Kati ya waliokuwa katika hatua ya ugonjwa kufika kwenye ubongo, zaidi ya asilimia 95 walihesabiwa wamepona baada ya miezi 18. Mjomba hakuiona siku hiyo.

Kwenye labo yetu Bukavu, kichwa kile ndicho chambo. Kwa kuwa RNA zote za kimelea zinacho, primeri moja, kipande kifupi cha DNA kinachoshikana nacho, inazinasa zote na kuziacha za mgonjwa. Damu inaingizwa mara moja kwenye majimaji yanayolinda RNA hata bila friji, maana safari ya kutoka Maniema ni ndefu na umeme hautabiriki. Glavu zinabadilishwa kila ukigusa simu au kitasa: jasho la vidole lina vimeng'enya vinavyokula RNA. Mstari ukitokea kwenye jeli, ambako vipande vilivyonaswa hutenganishwa kwa umeme, chini ya taa ya urujuanimno, kimelea yupo, na huenda yu hai, kwa sababu RNA haidumu baada ya mwenyewe kufa.

Tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka wako chini ya 1,000, wengi wao wa Kongo. Wengine husema basi, kazi imekwisha. Mimi sikubali. Mwaka 2016 watafiti walionyesha tripanosoma ndani ya ngozi iliyohifadhiwa ya watu wa Kongo ambao hawakuwa wametambuliwa kuwa wagonjwa. Kipimo cha damu kinaweza kuwapita watu kama hao. Sasa tunajaribu primeri ileile kwenye vipande vidogo vya ngozi. Ngozi ni ngumu kusaga na hutoa RNA kidogo mno, kwa hiyo tumeanza na hatua ya kusaga kwanza.