Mitungi ya Dizeli Njia ya Chalbi

Ukiiacha lami Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ukashika njia ya jangwa la Chalbi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani, usihesabu kupata mafuta njiani. Mchanga nao unakula dizeli kuliko lami. Kwa hiyo tulibeba mitungi minne ya chuma, ya lita 20 kila mmoja.

Kituoni, kijana wa pampu alitaka kuijaza ikiwa juu ya pikapu. Dereva wetu, mzee wa huko huko Marsabit, akamzuia. "Ishushe chini kwanza, mwanangu."

"Sawa, mzee."

Sakafu ya pikapu ilikuwa na plastiki. Mtungi ukikaa juu yake, umeme unaozaliwa mafuta yanapomiminika haupati njia ya kwenda ardhini, na cheche moja yatosha kuwasha mvuke. Kwa petroli hatari ni kubwa zaidi, lakini mzee hufanya hivyo hata kwa dizeli. Akasimamisha pampu kabla mtungi haujafika shingoni, maana mafuta hutanuka kwa joto, na joto la Chalbi halina huruma.

Kwenye keria hakutaka hata mmoja. Mtungi uliojaa una takriban kilo 20, na uzito ukiwa juu gari huyumba kwenye mteremko. Ndani tunakokaa ndiko hakutaka kabisa: mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, hutuama chini miguuni. Aliisimamisha wima nyuma, akatia vipande vya tairi kuukuu katikati, akaikaza kwa mikanda mpaka ikawa haitikisiki.

Kupita Kalacha barabara ilikuwa imejikunja kama bati. Tuliposimama, nilipitisha mkono kwenye kila mtungi. Mmoja ulikuwa umechubuka rangi pale kishikizo cha mkanda kilipousugua, chuma kinang'aa, upana wa shilingi. Safari ya siku nzima hivyo, pangetoboka. Mzee akaweka mpira hapo, akaamua huo ndio utangulie kumiminwa tangini. Akalegeza kifuniko polepole, uso kaugeuza pembeni, hewa ikatoka kwa kishindo. Ulipokwisha akaufunga tena barabara, kwa sababu mtungi mtupu hubaki umejaa mvuke.

Loiyangalani upepo ulitupokea kwa nguvu zake zote. Mtungi uliofuata tuliumimina nyuma ya ukuta wa mawe, injini imezimwa, kizimamoto kando, na wavutaji sigara wamesogezwa mbali.