Kabati la Shangazi

Wiki hii mdogo wetu ameletewa barua ya posa na ofisini tumehamishiwa ghorofa ya tatu, lakini ninachokirudia kichwani tangu Jumapili ni sentensi moja ya shangazi.

Mnajua kwamba fundi wa kompyuta yake ni mimi. Nilipokwenda kumsakinishia LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa ajili ya hesabu za kikoba, nilikuta eneokazi, ile skrini ya mbele, lina ikoni 34, nyingi zikiwa njia za mkato za kufungulia programu, nilizozisababisha mwenyewe siku zilizopita, kwa kubofya "endelea" bila kuondoa tiki kwenye kile kisanduku kinachouliza kama ikoni iwekwe pale mbele. Nikafuta 31, zikiwemo zile zilizo kwenye folda ya watumiaji wote, ambazo Windows haikubali kuzifuta mpaka ipewe ruhusa ya msimamizi. Picha ya wajukuu ikaonekana nzima.

Shangazi akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba, kabati umenipangia vizuri, lakini kanga zangu sasa ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba programu zote zimo, na kwamba kile kimshale kwenye kona ya ikoni ni ishara ya njia tu, si ya kitu chenyewe.

"Na njia ikifutwa, mtu anafikaje?"

Nimekwisha kutunga majibu mengi tangu siku hiyo, na yote ni ya mtu anayejua kutafuta kwenye menyu ya Anza. Yeye VLC, ile programu ya kuchezea video, anaijua kwa ile koni ya rangi ya chungwa, ya pili kutoka juu, chini ya pipa la taka. Nilisafisha kwa macho yangu, si kwa yake.

Jumatatu nilirudi, nikamrudishia nne alizozichagua mwenyewe, kila moja mahali pake pa zamani, na ile ya faili la hesabu nikaibadilisha jina ikawa "Kikoba".

Jana akanipigia simu akicheka hadi nikaogopa. Alikuwa akisakinisha programu ya printa kwa kufuata maelekezo niliyomwandikia daftarini. "Imeniuliza kama iweke ikoni, nikaitoa ile tiki. Kwani printa naifungua kila siku?" Nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka kituo cha mwisho.